Gofu ya Kisahani Msituni: Dalili, Vyanzo na Tiba kwa Uwanja Wenye Miti na Vilima

Mchezaji aliyejifunzia gofu ya kisahani, yaani mchezo wa kurusha kisahani hadi kiingie kwenye kikapu cha minyororo kwa mirusho michache iwezekanavyo, katika bustani tambarare anapoingia kwa mara ya kwanza katika uwanja wa msituni wenye vilima, kwa kawaida hutoka na alama mbaya na malalamiko mengi dhidi ya miti. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viwanja vya aina hiyo: Idlewild wa Burlington, Kentucky, ambao mashimo yake 24 (kila shimo ni njia kutoka jukwaa la kurushia hadi kikapuni) yanapita katikati ya miti, mabonde na vijito, Maple Hill wa Leicester, Massachusetts, uliomo ndani ya shamba la miti ya Krismasi, na viwanja viwili vya Smugglers' Notch huko Vermont, katika eneo la mapumziko ambalo wakati wa baridi watu huenda kuteleza kwenye theluji. Wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Kentucky na majimbo jirani, ambao ni wengi kuliko inavyodhaniwa, hawahitaji kusafiri mbali kukutana na matatizo yatakayoelezwa hapa.

Utaratibu wa uchunguzi ninaoupendekeza ni mmoja kwa dalili zote. Anza na ushahidi ulioko ardhini, yaani mahali kisahani kilipogonga au kilipotua, badala ya kutegemea jinsi mrusho ulivyohisiwa mkononi. Kisha tafuta chanzo kwa mpangilio: miguu kwanza, lengo la pili, kisahani chenyewe cha tatu, na mkono mwisho kabisa. Wachezaji wengi hufuata mpangilio huu kinyumenyume. Wanaanza kurekebisha mkono katikati ya mchezo, na wakifika shimo la tisa hawajui tena ni mrusho gani waliokuja nao.

Maelezo yote yanamhusu mtu wa mkono wa kulia anayerusha bekihendi, yaani anayevuta kisahani kupitia mbele ya kifua na kukiachia upande wa nje. Mwenye mkono wa kushoto abadilishe pande. Kisahani cha mrushaji huyo huzunguka kama mishale ya saa kikitazamwa kutoka juu. Kinapokuwa na kasi kubwa huelekea kugeukia kulia, na kasi inapopungua hurejea kushoto. Tabia hizo huandikwa kwenye visahani vingi kwa tarakimu nne, ambazo kwa mfuatano ni kasi, uwezo wa kuelea, kiasi cha kugeukia kulia na kiasi cha kurejea kushoto. Ni muhimu kukumbuka kwamba tarakimu hizo ni za kisahani kilichorushwa kwa kasi kilichoundiwa. Kisahani chenye kasi ya 12 kikirushwa na mkono usioweza kukifikisha huko hakitafuata maandishi yake. Kitarejea kushoto mapema na kwa nguvu.

Kisahani kinagonga mti ndani ya mita 20 za kwanza

Hili ndilo tatizo ghali kuliko yote, kwa sababu linamwacha mchezaji karibu na alipoanzia, akiwa ameshatumia mrusho mmoja, na mara nyingi akiwa nyuma ya shina linalomzuia hata kuiona njia. Kabla ya kulaumu chochote, nenda hadi kwenye mti uliogongwa, ugeuke na kulitazama jukwaa la kurushia. Swali la kwanza ni kama mti huo uko kulia, kushoto au juu ya mwanya uliokusudiwa.

Ukiwa kulia, kisahani kimechelewa kuachiwa. Msituni chanzo cha kawaida ni hofu: mchezaji akiona mwanya mwembamba hukaza vidole kupita kiasi, kisahani hung'ang'ania kiganjani kwa sehemu ndogo ya sekunde, na sehemu hiyo ndogo inatosha kukipeleka kwenye shina la kulia. Tiba yake ni kupunguza nguvu ya mrusho mzima badala ya kulegeza vidole peke yake, kwa kuwa vidole vilivyolegea katika mrusho wa nguvu vitakiachia kisahani mapema na kukupa ugonjwa wa upande wa pili.

Ukiwa kushoto, kisahani kimeachiwa mapema, au mkono umezunguka mwili badala ya kupita karibu na kifua kwa mstari ulionyooka. Angalia pia mikono yako. Katika misitu ya mashariki mwa Marekani wakati wa kiangazi, unyevunyevu na jasho hukifanya kisahani kiteleze, na taulo dogo lililofungwa kwenye mkoba hutatua kile ambacho wiki nzima ya mazoezi ya kuvuta mkono haitatua. Kisahani na vidole pia vinahitaji kufutwa kabla ya kila mrusho, hata pale unapodhani vimekauka.

Ukiwa juu, yaani umegonga matawi, tatizo ni urefu wa njia uliyoichagua. Watu waliozoea uwanja wa wazi hutafuta umbali kwa kurusha juu ili kisahani kielee, lakini msituni kuna dari. Mrusho unaofaa hapa husafiri chini, katika kimo cha kifua hadi mara mbili ya kimo cha mtu, na hupata umbali wake kwa kuteleza ardhini mwishoni.

Hali ngumu zaidi kuichunguza ni ile ya kugonga pande zote bila mpangilio: leo kulia, kesho kushoto, keshokutwa tawi. Hapo tatizo haliko mkononi. Mwulize mchezaji huyo alikuwa analenga wapi, atajibu kwamba alilenga katikati, na katikati si mahali. Chagua kitu kimoja kinachoonekana: baka la gome, jani lililobadilika rangi, tawi lililovunjika, kilicho nyuma ya mwanya wa kwanza wala si kwenye kikapu. Kikapu kilicho mita 90 mbele hakikusaidii kupita miti iliyo mita 15 mbele. Halafu usisimame katikati ya jukwaa kwa mazoea. Sogea hadi kona ya kushoto, kisha ya kulia, utazame jinsi mwanya unavyopanuka au kujifunga. Hatua moja ya upande inaweza kukupa upana ambao hukudhani upo. Kanuni inataka miguu iwe ndani ya eneo la kurushia wakati kisahani kinapoachiwa, lakini haimlazimishi mtu kusimama katikati yake.

Ukishalenga vizuri na bado unagonga, ondoa mbio za kujiandaa. Kurusha ukiwa umesimama hupunguza umbali, lakini katika mashimo mengi ya msituni umbali huo ulikuwa wa kupotea kwenye kichaka hata hivyo. Mwisho, badilisha kisahani. Visahani vya kasi kubwa vina ukingo mpana na hukuza kila kosa dogo la pembe. Kisahani cha kati chenye kasi ya 4 au 5, au cha karibu chenye kasi ya 2 au 3, husamehe. Mashindano ya ubingwa wa dunia ya wachezaji wa kulipwa ya mwaka 2023 yalifanyika Vermont, ambapo Isaac Robinson alitwaa ubingwa upande wa wanaume na Kristin Tattar wa Estonia upande wa wanawake, na yeyote aliyetazama mashimo ya msituni aliona jinsi mabingwa wanavyochagua visahani vya polepole pale ambapo mchezaji wa kawaida angetoa cha kasi kuliko vyote alivyo navyo.

Wachezaji wa Marekani hutaniana kwamba mti ni asilimia 90 hewa. Aliyesema hivyo hakuwa anatazama msonobari.

Kisahani kinapita miti ya kwanza kisha kinaiacha njia

Hapa miguu na lengo huenda vikawa sawa, kwa hiyo uchunguzi unaanzia kwenye kisahani. Kikianguka kushoto mapema kila mara, kina kasi kubwa kuliko mkono wako, au pua yake, yaani ukingo unaotangulia, iko juu kuliko mstari wa safari. Namna ya kuvitofautisha vyanzo hivi viwili ni kumwomba mwenzako asimame ubavuni, kwa umbali salama, atazame mita chache za mwanzo. Kisahani chenye pua juu hupanda kwanza, husita kana kwamba kimegonga ukuta usioonekana, ndipo kianguke kushoto. Kisahani kilichokuzidi kasi hakipandi. Hukunja kona tu. Cha kwanza hutibiwa kwa kukishika kisahani ili kiendelee na mstari wa mkono, na cha pili hutibiwa kwa kukiacha kwenye mkoba.

Kikigeukia kulia bila kurejea, chunguza umri wake kabla ya kuchunguza mkono wako. Plastiki ya bei nafuu iliyogonga mashina kwa msimu mzima hubadilika umbo polepole, na kisahani kilichokuwa kinarejea kwa uaminifu mwezi wa nne kinaweza kuwa kinageuka ovyo mwezi wa tisa. Hilo si hasara tupu; kisahani kilichochakaa ndicho kinachofaa kwa njia inayopinda kulia, mradi ujue kimefikia hatua gani. Upepo wa mbele nao huzidisha kugeuka, kwa kuwa huongeza mwendo wa hewa juu ya kisahani, na msituni upepo huo hausikiki chini ya miti ila hukutana na kisahani kinapotokea kwenye uwazi. Tazama vilele vya miti kabla ya kurusha.

Kwenye mpando kisahani kinafika nusu ya njia

Dalili yake ni ya kukatisha tamaa: kisahani kinaondoka vizuri, kinapanda, kinasita, kisha kinaanguka kushoto na wakati mwingine kinabingirika kurudi kuelekea kwa aliyekirusha. Mpando wenyewe unachangia, kwa sababu mvutano wa ardhi unakula kasi haraka na ardhi inakifuata kisahani kutoka chini, lakini sehemu kubwa ya hasara inatokana na mwili.

Chunguza miguu kwanza. Anayerusha kuelekea juu huegemea nyuma ili aone lengo lake, na uzito wake hubaki kwenye mguu wa nyuma. Kisha, kwa kuwa mabega yamebaki usawa wa upeo wa macho, hukipandisha kisahani kwa kunyanyua kifundo cha mkono, na kifundo kikinyanyuka pua nayo hunyanyuka. Dawa ni kuinamisha mabega yote mawili yafuate mwinuko wa kilima, bega la mbele likiwa juu kuliko la nyuma, huku uzito ukihamia mguu wa mbele kabla mkono haujapita. Kisahani kitapanda kwa sababu mstari mzima wa mrusho unapanda, wala pua yake haitakuwa juu ya mstari huo.

Baada ya hapo ndipo uchague kisahani. Wengi hutoa kile kinachorejea kushoto kwa nguvu, wakidhani kwamba uimara wake utashinda kilima, na wanapata kinyume chake, kwani kasi inapokwisha mapema kurejea nako huanza mapema. Chukua kinachogeukia kulia kwa urahisi. Kilima kitamaliza kasi yake kabla hakijageuka sana, na safari itanyooka. Uzito pia una maana. Kanuni za chama cha kimataifa cha wachezaji wa kulipwa, PDGA, zinaruhusu hadi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, ndiyo maana visahani vingi vya kipenyo cha sentimita 21.1 huishia gramu 175, lakini hiyo ni kiwango cha juu, wala hakuna anayekulazimisha ukifikie. Kisahani cha gramu 155 au 160 hupata kasi kwa nguvu ndogo zaidi, na kwenye mpando mkali mtu mwenye mkono wa wastani atafaidika nacho zaidi kuliko na kile kizito alichonunua kwa sababu bingwa fulani anakitumia.

Kwenye mteremko kisahani kinapitiliza

Mrusho wa kushuka unapendeza kuliko yote katika mchezo huu, na kwa sababu hiyo hurushwa vibaya kuliko yote. Shimo la 27 la De Laveaga, huko Santa Cruz, California, ambalo wachezaji huliita Kilele cha Dunia, ni mfano unaojulikana: mtu anasimama juu, anaona kila kitu chini yake, na anataka kurusha kwa nguvu zote.

Kisahani kinachoshuka hukaa hewani muda mrefu zaidi kabla ya kukutana na ardhi, na muda huo wa ziada hukipa nafasi ya kumaliza tabia yake yote. Kama kinarejea kushoto, kitarejea zaidi kuliko kwenye tambarare. Kama kinageukia kulia na umekipa nguvu nyingi, mteremko utaisaidia kasi yake isipungue, na huenda kisirejee kabisa. Kwa hiyo ushahidi wa mahali kilipotua unahitaji kusomwa kwa uangalifu: kisahani kilichopitiliza mita 20 na kwenda kushoto mita 15 huenda kilirushwa kwa mwelekeo sahihi kabisa, na kosa lilikuwa kuchagua kisahani cha kasi pale ambapo cha karibu kingetosha.

Kisahani kikigonga matawi ya juu mara tu baada ya kuondoka, chanzo ni mabega yaliyobaki usawa wakati ardhi inashuka. Inama kiunoni, bega la mbele lishuke, hadi mabega yawe sambamba na mteremko, na utajisikia kana kwamba unarusha kwenye vidole vya miguu yako. Hisia hiyo ni ya kawaida na inafaa kuzoewa.

Miguu inateleza au mwili unayumba

Hii ingeweza kuwekwa mwanzoni, kwa maana ni chanzo kilichojificha nyuma ya dalili nyingi zilizotangulia. Mtu anayehofia kuteleza hupunguza mzunguko wa nyonga bila kujua, na mkono hujaribu kufidia. Ukiona mirusho yako ya kwenye jukwaa ni mizuri na ile ya katikati ya njia ni mibaya, usitafute mbali: mwanzoni ulisimama kwenye saruji, na sasa umesimama juu ya mizizi na majani yaliyolowa.

Kanuni inakupa nafasi ndogo ya kusimama, mstatili wa sentimita 20 kwa 30 nyuma ya alama ya kisahani chako, na angalau sehemu moja ya mwili inayokuhimili iguse hapo unapoachia. Kifundo, goti au hata kiganja kinaweza kufanya kazi hiyo. Ndani ya sekunde 30 unazopewa una muda wa kutosha kusafisha majani na vijiti vilivyolala pale unapokanyaga, jambo ambalo linaruhusiwa, lakini huna ruhusa ya kuvunja au kukunja matawi ya mmea ulio hai ili upate njia. Unatakiwa uchague namna ya kusimama itakayousogeza mmea kwa kiasi kidogo iwezekanavyo. Kwenye mteremko wa ubavuni mwili hujiegemeza kuelekea kilimani ili usianguke, na pembe ya kisahani hubadilika pamoja nao. Piga goti, au simama bila mbio, ufanye mvuto mmoja wa majaribio polepole. Ukipoteza mizani katika mvuto huo, mrusho wa kweli utakuwa mbaya zaidi. Viatu vyenye meno vya kutembelea milimani vinafaa kuliko raba za kukimbilia barabarani.

Mti mmoja unageuka mirusho mitatu

Alama mbaya za msituni hazitokani na mti wa kwanza. Zinatokana na uamuzi unaofuata. Mchezaji aliyeingia kichakani huona mwanya wa upana wa sinia kati ya mashina mawili, unaoelekea kikapuni, na anaamua kuujaribu. Anagonga, anabaki palepale, anaujaribu tena kwa hasira. Hesabu yake ni rahisi. Mrusho wa kutoka pembeni kurudi kwenye njia unagharimu mmoja. Mrusho wa kishujaa ulioshindikana unagharimu mmoja vilevile, na bado hujatoka.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: jiulize kama ungerusha mrusho huo mara kumi, mara ngapi ungepita. Ukishindwa kusema saba bila kujidanganya, toka pembeni. Ukiamua kutoka, usichukulie mrusho huo kama kitu kidogo, kwa sababu nimeona visahani vingi vikivuka njia nzima na kuingia kichaka cha upande wa pili. Lenga mahali utakaposimama, si njia kwa jumla. Fohendi, inayorushwa kutoka ubavuni kwa mkunjuo wa kifundo, inafaa sana hapa kwa kuwa hukuruhusu kuitazama njia muda wote na haihitaji nafasi ya kuzungusha mgongo. Mrusho wa kupitia juu ya bega, ambao hupeleka kisahani wima hewani, hutoka mahali ambapo mirusho mingine haipiti, mradi juu pawe wazi na bega liwe limepashwa joto.

Pakiwa na miiba au mmea wenye majani matatumatatu unaowasha ngozi, ambao umejaa katika misitu ya mashariki mwa Marekani, kumbuka kwamba kanuni inakuruhusu kurudi nyuma kwenye mstari unaotoka kikapuni kupitia kisahani chako, kwa mrusho mmoja wa adhabu. Adhabu hiyo inauma kwa dakika moja, lakini upele wa mmea huo hukaa kwa wiki.

Karibu na kikapu: kisahani kinabingirika au kinapita chini

Katika uwanja wenye vilima, kikapu mara nyingi kimewekwa ukingoni mwa mteremko kwa makusudi. Dalili ya kwanza ni mrusho wa mita 6 uliokosa na kuishia mita 25 chini. Kisahani hubingirika kinapotua kwa ukingo, na hutua kwa ukingo kinapokuwa kimeinamishwa sana au kinapogonga fremu ya kikapu kwa nguvu. Kwa hiyo ukiwa juu ya kikapu, ukitazama chini, rusha kwa namna ambayo kisahani kikikosa kitatua bapa: kiwe usawa, cha polepole, na cha plastiki laini inayong'ang'ania ardhi. Na ikiwa nyuma ya kikapu pana korongo la kutisha, kusogeza kisahani karibu na kumaliza kwa mrusho unaofuata si woga.

Dalili ya pili ni ya wanaorusha kutoka chini kwenda juu: kisahani kinagonga fremu ya mbele au kinapita chini ya kikapu. Chanzo ni macho. Kutoka chini, mchezaji huona kikapu kizima kikiwa juu yake na hulenga sehemu anayoiona kwa urahisi, ambayo ni chini. Lenga viungo vya juu vya minyororo, na uusukume mwili mzima kwa miguu badala ya kuongeza mkono. Minyororo hiyo, iliyobuniwa na Ed Headrick katika miaka ya 1970, ipo ili kumeza mwendo wa kisahani. Kisahani kinachofika kwa nguvu nyingi mno huipenya na kutokea upande wa pili, hivyo anayelalamika kwamba kikapu kimemtemea kisahani aangalie kwanza kasi yake.

Kuna kosa jingine la eneo hili ambalo halionekani kwenye kisahani. Ndani ya mita 10 kutoka kikapuni unatakiwa kuonyesha mizani nyuma ya alama yako kabla ya kusogea mbele. Kwenye mteremko wa kushuka mwili huvutwa mbele, na mchezaji hukanyaga mbele bila kukusudia. Rudisha mguu mmoja nyuma kabisa kabla ya kurusha, uzito uwe juu yake.

Kisahani hakionekani

Muda wa kutafuta ni dakika 3, kisha kinahesabiwa kuwa kimepotea kwa mrusho mmoja wa adhabu. Watu hupoteza visahani kwa kuacha kutazama mapema: wakiona mrusho ni mbaya hugeuza uso kwa kuudhika, na hapo ndipo ushahidi hupotea. Tazama hadi mwisho, usikilize sauti ya kugonga, kisha chagua mti mmoja kwenye mstari huo na utembee moja kwa moja kuuelekea bila kukwepa vichaka njiani, kwa kuwa ukizunguka kichaka mstari wako umeshabadilika. Kwenye mashimo yasiyoonekana hadi mwisho, mwenzako mmoja atangulie na kusimama nyuma ya shina pana.

Rangi huchaguliwa kwa majira. Kijani hakifai wakati wowote. Nyekundu, chungwa na njano hufaa kiangazi lakini hutoweka kabisa majani yanapopukutika mwezi wa kumi, na hapo waridi kali au samawati nyepesi huonekana vizuri zaidi. Kisahani kilichotua juu ya majani makavu huteleza chini yake, kwa hiyo tafuta kwa kuburuza miguu polepole mita chache mbele ya pale ulipokiona kikigusa. Namba ya simu iliyoandikwa chini ya kisahani kwa wino usiofutika hurudisha vingi kuliko inavyotarajiwa.

Makosa yote yanaanza baada ya shimo la 14

Dalili ni mirusho inayoondoka juu na kulia, na hasira isiyo na sababu. Vilima huchosha miguu kabla ya mikono, na miguu iliyochoka haisukumi, hivyo mkono unafanya kazi peke yake na kuchelewa. Angalia umekunywa maji kiasi gani na mkoba wako una visahani vingapi. Katika uwanja kama Idlewild sita au saba vinatosha, na vile kumi vya ziada umevipandisha kila kilima bure. Kuanzia hapo punguza kasi ya kila kisahani kwa daraja moja, acha mbio za kujiandaa, na pumua hadi moyo utulie kabla ya kupanda jukwaani, hasa pale jukwaa linapokuwa juu ya ngazi ndefu.